Ukikuta Ndege ya Vita Vichakani: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye riziki yake inamlazimu kuigusa ardhi ya Garissa, Wajir na Mandera: dereva wa greda, kibarua anayechimba mtaro wa bomba, fundi wa kisima, mpima ardhi, askari wa wanyamapori, mchungaji anayehama na ngamia, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu anayezunguka na pikapu kutoka Modogashe hadi Dadaab. Unaeleza la kufanya siku utakapokuta ndege ya vita ya zamani, au kipande chake, au kitu kilichodondoka kutoka kwake. Anayesoma kwa haraka ashike maneno haya manne kabla ya mengine yote: simama, usiguse, rudi, toa taarifa.

Ziko huku kwa sababu gani

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Ethiopia na Somalia ya kusini zilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo nchi yote kutoka Moyale hadi Mto Tana ikawa mstari wa mbele ndani ya siku moja. Tarehe 11 ndege za mabomu za Afrika Kusini ziliipiga Moyale upande wa Waitalia. Tarehe 13 ndege za Kiitaliano aina ya Caproni ziliipiga Wajir, palipokuwa na kambi ya Keya (King’s African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) na kiwanja cha ndege. Katikati ya Julai askari wa Keya waliokuwa wamezingirwa katika ngome ya Moyale waliiacha usiku. Mambo yaligeuka Februari 1941. Majeshi yaliyokuwa chini ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka mpaka kutoka upande wa Garissa, yakaingia Afmadow, yakaitwaa Kismayu tarehe 14 na Mogadishu tarehe 25.

Miezi hiyo minane ilitosha kutapakaza chuma katika nchi kubwa sana. Viwanja vya ndege vilikuwa ardhi iliyofyekwa tu, na kando yake mahema na mapipa ya mafuta. Baadhi ya ndege hazikuundwa kwa ajili ya vita hata kidogo: zile Junkers Ju 86 za Afrika Kusini zilitengenezwa Ujerumani na zilikuwa zikibeba abiria wa shirika la ndege la nchi hiyo kabla ya kugeuzwa za mabomu. Ndege kama hiyo ikiwa imejaa mafuta na mabomu, katika joto la huku, hewa nyepesi haiibebi sawasawa, na vumbi laini huila injini. Nyingine zilirudi zikiwa na matundu ya risasi. Rubani hujitahidi kukifikia kiwanja, na asipokifikia huiweka ndege chini popote penye uwazi. Hizo ndizo huitwa ndege zilizotua kwa nguvu, na ndiyo maana pembezoni mwa kiwanja cha zamani panahitaji uangalifu kuliko kiwanja chenyewe.

Hapa pana jambo ambalo kila msimamizi wa kazi analazimika kulielewa. Rubani wa ndege ya mabomu anayejua kwamba atatua kwa nguvu hatui na mabomu akiweza kuyaondoa. Huyaachia kwanza porini, na mara nyingi huyaachia yakiwa yamefungwa usalama ili yasilipuke chini ya ndege yake. Bomu la namna hiyo hugonga ardhi, huzama kwenye mchanga, hulala. Mabaki ya ndege yanaweza kuwa matupu kabisa, na mabomu yake yakawa kilomita kadhaa nyuma, kwenye mstari alioupita rubani akitafuta kiwanja. Kwa hiyo ukiikuta ndege, usihesabu kwamba umelikuta eneo la hatari. Umekuta mwisho wa njia tu. Kazi ya greda ikihamishiwa “upande ule kidogo” ili kuikwepa ndege, inaweza kuwa imehamishiwa juu ya mabomu yenyewe.

Si zote zilizokaribia viwanja. Mnamo Juni 1940 ndege aina ya Fairey Battle ya Kikosi cha 11 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini, ikiongozwa na R. H. Preller, ilipigwa katika safari ya upelelezi upande wa Afmadow, ikatua vichakani mbali na kwao. Wanajeshi wake walianza kutembea kurejea Kenya katika nchi isiyo na maji. Ndege ya aina hiyo huchukua watu watatu, ina injini moja, na mabomu yake manne ya kilo 113 kila moja hukaa ndani ya mabawa, yasionekane kwa nje. Bawa lililovunjika na kulala peke yake mchangani si bati la kuezekea choo.

Namna ya kutambua

Ngozi ya ndege nyingi ni aluminiamu ngumu. Haishiki kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, na ni nyepesi mkononi kuliko inavyoonekana. Alama yake kubwa ni safu ndefu za ribiti ndogo zilizonyooka, karibu karibu, kazi ya kiwanda ambayo hakuna fundi wa lori anayeifanya. Caproni ni tofauti: kiwiliwili chake kilikuwa mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na kitambaa kimekwisha zamani, kwa hiyo kinachobaki ni mifupa ya mabomba na injini. Injini ndiyo hudumu kuliko vyote.

Risasi za bunduki za Kiingereza za wakati huo zina ganda la shaba lenye ukingo uliotokeza kitakoni, na juu ya kitako pamegongwa herufi na namba. Likikaa ardhini hugeuka kijani. Ganda lililochomwa moto likapasuka ubavuni ni tofauti na lililofyatuliwa. La kwanza laweza kuwa na jirani zake mia ambao moto haukuwafikia.

Bomu lenyewe mara nyingi halifanani na picha za vitabuni. Mkia wake ni bati jembamba linalooza au kung’oka, na kinachobaki ni chuma kinene cha mviringo, chenye kutu, kikubwa kama mtungi wa gesi wa jikoni, pengine kimezikwa nusu. Baruti iliyo ndani haiozi kama mti. Miaka 80 katika ardhi kavu ya Garissa huiacha na nguvu zake. Kinachoharibika ni fyuzi, na fyuzi iliyoharibika huwa nyepesi zaidi kushtuka. Wanaosema “hili limekufa, lina umri wa babu yangu” wanakosea kwa namna inayoua.

Kuna pia hatari isiyo na kishindo. Saa na vipimo vya mbele ya rubani vilipakwa rangi yenye rediamu ili vionekane gizani. Leo rangi hiyo imebadilika kuwa kahawia na haing’ai tena, lakini mionzi yake ipo na itaendelea kuwapo kwa karne nyingi. Kioo kikiwa kimevunjika, unga wake huingia puani na tumboni. Kipimo cha ndege kisiwekwe kabatini, kisifunguliwe, kisipewe mtoto akichezee.

La kufanya mara tu unapoona

Zima mashine hapo ilipo. Usiirudishe nyuma greda au tingatinga mpaka umeshuka na kutazama ulikopita. Kama chuma kiko chini ya blade au kimegusana nayo, acha mashine, shuka upande wa pili, ondoka kwa miguu. Watu wote warudi kwa kufuata nyayo zao wenyewe au alama za magurudumu. Hakuna kukata njia kupitia kichakani, hata kama jua ni kali na njia ni ndefu.

Kwa kitu kikubwa kama bomu nililolieleza, watu wawe umbali wa angalau mita 500, na wawe nyuma ya tuta au ukingo wa laga ikiwezekana. Simu na redio za mawasiliano zisitumike karibu na kitu hicho; ondokeni kwanza, kisha pigeni. Picha ni nzuri, lakini ipigwe kutoka pale uliposimama ulipokiona mara ya kwanza, bila hatua moja zaidi. Usisafishe mchanga ili herufi zionekane, na usimwage maji wala kukifunika. Usikihamishie kando ya barabara “ili kisimdhuru mtu”: wengi waliokufa kwa mabomu ya zamani walikufa wakifanya wema huo.

Fungeni njia kwa matawi ya miiba pande zote mbili, mbali na kitu chenyewe, na mwacheni mtu mmoja kila upande kuzuia wapitaji. Kisha pigeni simu polisi, 999 au 112, na kwa chifu wa eneo. Kikundi kinachotegua mabomu kitaitwa na polisi. Si kazi ya kampuni, wala ya mzee aliyewahi kuwa jeshini, wala ya askari kanzu mwenye ujasiri.

Ripoti nzuri ni fupi na ina mambo yote. Msimamizi aweza kuitoa hivi:

“Afande, mimi ni msimamizi wa kazi ya bomba la maji. Tuko barabara ya kutoka Garissa kwenda Modogashe, mkono wa kulia, kama mita mia mbili ndani ya kichaka. Namba za ramani nazituma kwa ujumbe. Tumekuta chuma cha mviringo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, kimezikwa nusu. Hakuna aliyekigusa. Mashine iko mita kumi kutoka kwacho, tumeizima. Vibarua wote wako umbali wa nusu kilomita. Njia tumeifunga kwa miiba. Upande wa mashariki kuna boma la ngamia, na watoto hupita hapa asubuhi kwenda kisimani. Mimi nitabaki hapa niwaonyeshe.”

Sentensi ile ya watoto isisahaulike. Ndiyo inayoamua polisi waje kwa haraka gani.

Usijaribu kupima umri wa kitu

Ardhi hii imebeba vita zaidi ya kimoja. Mwishoni mwa vita vya Shifta, miaka ya 1966 na 1967, mabomu ya ardhini yalitegwa katika njia za Kaskazini Mashariki. Katika miaka yetu hii mabomu ya kutengenezwa kwa mikono yameua polisi, walimu, abiria na wajenzi katika barabara za Garissa, Wajir na Mandera. Kwa hiyo chuma kilichofukuliwa kisiitwe “cha Mzungu” wala “cha zamani” kabla mtaalamu hajasema. Udongo uliochimbuliwa karibuni, waya, betri, mtungi uliofunikwa kwa mchanga laini katikati ya njia ya magari: hivyo ni vya leo, na aliyevitega anaweza kuwa anatazama. Hapo umbali uongezwe, na watu wasikusanyike mahali pamoja.

Ikianguka ndege ya leo, utaratibu unabadilika kidogo. Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24, zilizokuwa zikielekea Garissa ili ziendelee Somalia, zilianguka Mlima Kenya. Ndege za namna hiyo hupita juu ya vichwa vyetu kila mara. Mtu aliye hai aokolewe kwanza, lakini mkaribieni kutoka upande unakotoka upepo, msipite mbele ya mizinga na mirija ya roketi, na msihamishe kipande chochote kisichozuia uokoaji, kwa kuwa wachunguzi watakihitaji pale pale kilipolala.

Kwa wanunuzi na wauzaji wa vyuma

Ninajua bei ya aluminiamu inavutia, na ninajua mchungaji aliyepoteza mifugo kwa ukame hana cha kuuza. Hata hivyo hapa sina maneno laini. Kitu chochote cha chuma kilichofungwa pande zote, ambacho hukuona kikitoka ndani ya gari au mashine unayoijua, kisikatwe kwa gesi, kisipigwe nyundo, kisitupwe motoni na kisipandishwe kwenye gari. Mtungi wa gesi ya kukatia ukiwaka juu ya bomu, hakuna atakayebaki kusimulia katika yadi hiyo wala katika nyumba za jirani.

Biashara hii inaongozwa na Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015, na anayeifanya lazima awe na leseni ya Baraza la Vyuma Vikuukuu. Mnamo Januari 2022 Rais aliisimamisha nchi nzima baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa, ikafunguliwa tena mwaka huo huo chini ya masharti makali zaidi. Mnunuzi anayeletewa kipande cha ndege aandike jina la aliyekileta na mahali kilipotoka, asikinunue, na awaarifu polisi. Asimtishe mleta mali. Tukimtisha, wa pili atakuja usiku au atakiuza kwa mwingine asiyeuliza maswali.

Kuhusu urithi, Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu vitu vya kale kuwa vya kabla ya 1895. Ndege ya 1940 haiingii humo yenyewe, lakini Waziri ana uwezo wa kukitangaza kitu cha baadaye kuwa cha kulindwa, na nchi nyingi hushikilia kwamba ndege ya kijeshi hubaki mali yao popote ilipoanguka. Aliyeiona kwanza hapati umiliki. Baada ya polisi kuhakikisha usalama, Makavazi ya Taifa yaarifiwe. Mji wa Garissa ungeweza kuwa na kitu cha kuwaonyesha watoto wake kuhusu mwaka ambao vita vya dunia vilipita mtaani kwao, na ni aibu kitu hicho kikayeyushwa kuwa sufuria.

Mfano wa kutuzindua uko Misri. Ndege ya Kiingereza aina ya Kittyhawk, iliyorushwa na Dennis Copping, ilipotea Juni 1942 katika jangwa la magharibi. Ilionekana mwaka 2012 na mfanyakazi wa kampuni ya kutafuta mafuta, ikiwa karibu nzima. Jeshi la Misri lilikwenda kuondoa bunduki na risasi zilizokuwa bado ndani yake. Nao wapitaji walianza kuinyofoa vipande kabla haijahamishwa.

Kukiwa na mifupa

Vitu vidogo vilivyo mbali na ndege viacheni vilivyo: kiatu, kipande cha mwavuli wa kurukia, kopo, jiwe lililowekwa juu ya kitambaa. Mnamo Aprili 1943 ndege ya mabomu ya Marekani iliyoitwa Lady Be Good ilikipita kiwanja chake huko Libya usiku, ikaishiwa mafuta jangwani. Wafanyakazi wa mafuta waliiona mwaka 1958, bila mtu ndani. Waliotafuta miili walifuata viatu na vipande vya miavuli ambavyo askari hao walikuwa wameviacha kwa makusudi kuonyesha njia yao, na mwaka 1960 miili minane kati ya tisa ikapatikana. Mtu mmoja angeokota kiatu kimoja kwa udadisi, familia moja ingekosa kaburi.

Mifupa huku inaweza kuwa ya rubani Mwafrika Kusini, ya Mwitaliano, ya askari wa Keya kutoka Kitui au Nyasaland, au ya mchungaji Msomali aliyekuwa akinywesha ngamia wake siku mabomu yalipoanguka. Wote ni watu. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyeuawa mwaka jana, na kwa hiyo polisi lazima waione kabla haijaguswa. Mara nyingi mzee wa dini atataka kuzika hima, na ana haki ya kutaka hivyo. Ongeeni naye kwa heshima, kwa Kisomali akipenda: “Mzee, tunaomba subira ya saa chache. Hatujui ni mwana wa nani, na tukimzika sasa mama yake hatajua kamwe.” Funikeni mahali pasifikiwe na fisi bila kuhamisha kitu, kama pameshahakikishwa kuwa salama. Ikithibitika ni askari wa upande wa Waingereza, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ndiyo inayohusika. Ndiyo inayotunza makaburi ya Barabara ya Ngong, Nairobi, penye pia mnara wa askari wa nchi kavu ambao makaburi yao hayajulikani.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi akiona hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Kibarua wa siku ana haki hiyo sawa na injinia. Msimamizi anayemwambia “tupa kando tuendelee, mkandarasi anadai kilomita” amevunja sheria, na kibarua akilipukiwa, kisingizio cha muda wa mkataba hakitamsaidia. Malipo ya siku za kungojea polisi yajadiliwe kabla kazi haijaanza, kwa maandishi, kwa kuwa kibarua anayejua hatalipwa siku hiyo ndiye atakayenyamaza akiona chuma.

Kabla greda haijawashwa katika eneo jipya, kaa na wazee wa hapo. Waulize kiwanja cha ndege cha zamani kilikuwa wapi, chuma cha vita kilionekana wapi, mifugo iliwahi kulipuliwa wapi, watoto hukatazwa kwenda wapi. Wachungaji hujua. Majibu yao yaandikwe kwenye ramani ya kazi, na kila kiwanja kikitajwa, chora pia mstari wa njia ya ndege katika pande zote mbili za uwanja, kilomita kadhaa kila upande, na ukague humo kwanza. Imamu aombwe kutangaza baada ya sala ya Ijumaa. Walimu wa duksi na wa shule wapewe maelezo yale yale, kwa kuwa mtoto ndiye hupita na mbuzi baada ya greda kupita.

Yaliyotokea Samburu na Laikipia yametuonyesha gharama ya kutofanya hivyo. Watoto na wachungaji waliumizwa na kuuawa kwa miaka mingi na mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, Archer’s Post na Dol Dol, na mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 228 pauni milioni 4.5. Dai la namna hiyo huhitaji kumbukumbu za mahali na siku. Weka daftari la kazi lenye tarehe, namba za ramani, picha, jina la afisa aliyepokea simu na namba ya ripoti ya polisi, na mkataba ukiisha mkabidhi daftari hilo mkandarasi anayekuja pamoja na funguo za kambi, nakala moja ikibaki kwa chifu.